Lisemwalo Lipo? Tetesi za Kadi za Michoro Kabla ya Uzinduzi Wake, 1999–2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya habari zisizo rasmi zinazotangulia kutoka kwa kadi za michoro za kompyuta, kuanzia mwaka 1999 hadi 2025. Inatumia tofauti ambayo Kiswahili huiweka kati ya uvumi, tetesi na fununu ili kuainisha habari hizo, kisha inaipima methali isemayo "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" kwa mifano ya bidhaa zilizokuja, zilizochelewa na zisizokuja kabisa. Inadaiwa kwamba mifano mizito zaidi ya upotoshaji haikutoka kwa wavujishaji bali kwa watengenezaji wenyewe, na kwamba jambo linalomgusa mnunuzi kuliko yote, yaani bei, ndilo ambalo tetesi hulijua kidogo zaidi. Sehemu ya mwisho inaihusisha hoja hiyo na kalenda ya ununuzi wa umma katika Afrika Mashariki.

Utangulizi

Kadi ya michoro ilianza maisha yake kama kifaa cha anasa. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za michezo ya kompyuta kwa kasi ambayo prosesa ya kawaida haikuimudu, na mnunuzi wake alikuwa kijana mwenye muda na fedha kidogo za ziada. Hali hiyo ilibadilika taratibu, kisha ghafla. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliufunza mtandao wao wa kutambua picha, uliokuja kujulikana kama AlexNet, kwa kutumia kadi mbili za GTX 580 zilizouzwa kwa wacheza michezo. Tangu hapo kadi hizo zimekuwa chombo cha maabara, cha hospitali, cha mamlaka za hali ya hewa na cha wizara. Swali "je, kadi mpya itatoka lini, na kwa bei gani?" halikubaki tena swali la vijana. Limekuwa swali la kamati za zabuni.

Wanahistoria wa teknolojia kwa kawaida huandika juu ya vitu vilivyotengenezwa. Habari zilizotangulia vitu hivyo huachwa zipeperuke, kana kwamba ni makapi. Hata hivyo, historia ya Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa kinyume chake. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, alizichukua simulizi za wazimamoto waliosadikiwa kunyonya damu za watu enzi za ukoloni na kuzifanya chanzo kamili cha historia. Kwake, lililo muhimu si tu kama simulizi ni ya kweli au ya uongo, bali linafichua nini kuhusu dunia ya wanaoisimulia. Umbali kati ya wazimamoto wa Nairobi ya kikoloni na chipu za Santa Clara ni mkubwa, lakini kanuni ya kiutafiti inavuka umbali huo bila taabu. Watu wanaponong'ona juu ya kifaa ambacho bado hakijauzwa, wanasema jambo kuhusu nani anajua, nani amefichwa na nani atalipa.

Uvumi, tetesi na fununu

Lugha nyingi zinazotawala mjadala huu zina neno moja tu la jumla. Kiswahili kina zaidi ya moja, nayo si visawe kamili. Uvumi unatokana na kuvuma: ni habari iendayo kama upepo au mlio wa ngoma, husikika pande zote wala haina mlango iliotokea. Tetesi zinabeba ndani yake kitenzi kuteta, yaani kusema kwa sauti ya chini na mtu aliye karibu. Zina msemaji, japo hatajwi. Fununu ni dalili ya kwanza ya jambo lenyewe, kama harufu ya chakula inayotangulia sahani.

Kwa matumizi ya makala hii, fununu ni alama iliyoachwa na bidhaa yenyewe, kama vile picha ya ubao wake, jina lake katika orodha ya forodha au namba yake ndani ya programu endeshi. Tetesi ni maneno ya mtu aliyefikia taarifa kwa kazi au urafiki. Uvumi ni makisio yaliyopoteza mwenyewe. Wachambuzi wengi wa soko huchanganya haya matatu na kuyapa uzito mmoja, na hapo ndipo makosa mengi ya ununuzi yanapoanzia. Lakini kuna aina ya nne ambayo haimo katika orodha hiyo, nayo ndiyo iliyofanya madhara makubwa zaidi: ahadi ya mtengenezaji mwenyewe juu ya kitu ambacho bado hana.

Bidhaa hewa

Watumishi wa umma wa ukanda huu wanalifahamu vizuri neno "mfanyakazi hewa": mtu aliyemo katika orodha ya mishahara lakini hayumo ofisini. Kwa mfano huohuo yafaa kusema bidhaa hewa. Jambo hili ni la zamani kuliko kadi za michoro. Mwaka 1968 kampuni ya Control Data iliishtaki IBM, miongoni mwa mengine kwa kutangaza mapema kompyuta kubwa za System/360 ambazo hazikuwa tayari, kwa lengo la kuwazuia wateja wasinunue mashine ya CDC 6600 iliyokwisha kuwapo. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano mwaka 1973. Upande wa pili wa hatari hiyo unatajwa kwa jina la Adam Osborne, ambaye kampuni yake ya kompyuta ilifilisika mwaka 1983. Inasimuliwa kwamba wateja waliacha kununua mashine ya zamani baada ya kusikia habari za mpya. Wapo wanaoitilia shaka simulizi hiyo, na huenda wana haki, lakini kila mkuu wa kampuni ya chipu anaijua. Kutangaza mapema ni silaha ikielekezwa kwa mshindani, na ni sumu ikimwagikia bidhaa yako mwenyewe.

Katika kadi za michoro, enzi ya ahadi kubwa ilianza 1999. Agosti 31 mwaka huo NVIDIA ilitangaza GeForce 256, na ikaipa sifa ya kuwa prosesa ya kwanza ya michoro kwa maana kamili. Ilifika madukani Oktoba. Mshindani wake mkuu, 3dfx, aliyekuwa ametawala soko tangu Voodoo Graphics ya 1996, alijibu Novemba kwa kutangaza chipu ya VSA-100 na familia nzima ya kadi, kuanzia za chipu moja hadi Voodoo5 6000 ya chipu nne. Voodoo5 5500, yenye chipu mbili, ilifika katikati ya mwaka 2000. Ile ya 6000, iliyokuwa kubwa kiasi cha kuhitaji kifaa chake cha nje cha kuipa umeme, haikuuzwa kamwe. Desemba 2000, 3dfx ilitangaza kuuza mali zake za kitaalamu kwa NVIDIA. Nakala chache za majaribio za Voodoo5 6000 zilizosalia leo hushindaniwa na wakusanyaji wa vifaa vya kale, na hiyo ni hatima ya ajabu kwa kadi ambayo karibu kila mpenzi wa michezo ya wakati huo aliijua kwa sifa zake na karibu hakuna aliyeitia mkononi.

Mfano wa Bitboys wa Finland ni mkali zaidi. Kampuni hii ndogo ilitangaza mwaka 1999 kadi iliyoitwa Glaze3D, ambayo ingeweka kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe badala ya kuitegemea iliyo pembeni. Wazo halikuwa la kipuuzi; wahandisi makini wamelirudia mara kadhaa baadaye. Tatizo lilikuwa kiwanda. Kampuni ya Infineon, iliyotegemewa kutengeneza kumbukumbu ya aina hiyo, iliachana na biashara hiyo, na Glaze3D haikutoka. Jina la Bitboys likageuka kuwa kejeli, ingawa watu wake waliendelea na kazi ya heshima ya kubuni chipu za simu hadi kampuni iliponunuliwa na ATI mwaka 2006. Hapa methali ya lisemwalo lipo inashindwa wazi: lilisemwa, halikuwapo, na halikuja.

Isidhaniwe kwamba ni wadogo tu waliofanya hivyo. Intel iliueleza mradi wake wa Larrabee kwa waraka wa kitaalamu Agosti 2008, dunia ikaamini kwamba kampuni kubwa kuliko zote za chipu ingeingia sokoni, kisha Desemba 2009 ikatangaza kwamba chipu hiyo ya kwanza haingeuzwa kama kadi ya michoro. NVIDIA nayo ilijikuta nyuma katika majira hayohayo. Septemba 23, 2009, AMD ilizindua Radeon HD 5870. Wiki moja baadaye, Septemba 30, Jensen Huang alisimama jukwaani na kuinua mkononi kadi ya kizazi kipya kilichoitwa Fermi. Watazamaji waliozikuza picha waliona skrubu zinazofanana na za mbao na viungio visivyoelekea kufanya kazi. Kampuni ikakiri kwamba kilichoinuliwa kilikuwa mfano wa kuonyesha tu. Kadi halisi, GTX 480, ilitangazwa Machi 26, 2010, ikiwa na viini 480 kati ya 512 vilivyomo katika chipu, na ilikula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Kama tarehe ilipangwa kwa shabaha hiyo au la, athari yake ilikuwa moja: mnunuzi aliyekuwa na fedha mkononi Oktoba 2009 alipewa sababu ya kungoja nusu mwaka.

Hata hivyo, haki inataka isemwe kwamba GTX 580, iliyotumika kwa AlexNet, ilikuwa Fermi hiyohiyo iliyorekebishwa. Bidhaa iliyoanza kwa skrubu za mbao iliishia katika msingi wa mapinduzi ya akili mnemba. Historia ya ahadi hizi haitenganishi waongo na wakweli kwa urahisi. Mara nyingi inawatenganisha waliowahi na waliochelewa.

Kati ya mifano hiyo upo wa miezi saba ya kungoja ambao ulimalizika vibaya zaidi. Radeon 9700 Pro ya ATI ilifika Agosti 2002. NVIDIA ilitangaza jibu lake, GeForce FX, Novemba, lakini chipu yake ya nanomita 130 iliichelewesha hadi mwanzoni mwa 2003. Ilipofika ilikuwa na feni yenye kelele kiasi kwamba kampuni yenyewe ilitengeneza video ya kujikejeli. Aliyengoja alipata kadi yenye makelele. Ambaye hakungoja alikuwa ameshafanya kazi yake msimu mzima.

Jinsi chipu inavyoacha nyayo

Tangu katikati ya muongo wa 2010, ahadi za majukwaani zimepungua na fununu zimeongezeka. Sababu yake ni ya kimuundo. Chipu inayobuniwa California huchapwa kwa kiasi kikubwa na kampuni ya TSMC nchini Taiwan, huunganishwa na kumbukumbu kutoka kiwanda kingine, hupandishwa juu ya ubao na washirika kama ASUS, MSI na Gigabyte, hupimwa, hupakiwa, hupita forodhani na kufika kwa wauzaji wa jumla. Katika kila kituo kuna karatasi, na katika kila karatasi kuna jina au namba. Washirika husajili majina ya bidhaa kwa mamlaka za Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia miezi kabla ya kuuza, wakati mwingine yakiwamo majina ambayo hayatatumika. Wahandisi wa AMD huweka msaada wa chipu zijazo katika programu huria ya Linux, ambapo kila mtu anaweza kusoma mabadiliko yaliyoingizwa. Wapimaji husahau kuzima mtandao, na matokeo ya kasi ya kadi isiyojulikana hujiandika yenyewe katika hifadhidata ya umma. Haihitajiki njama yoyote. Inatosha kwamba kazi ni ya watu wengi.

Watengenezaji hujibu kwa mikataba ya usiri. Juni 2018, jarida la Kijerumani la Heise lilikataa kutia saini mkataba wa namna hiyo uliotoka NVIDIA, na likauchapisha ili wasomaji wajionee. Kisa hicho kilionyesha kwamba usiri wenyewe ni sehemu ya bei ambayo vyombo vya habari hulipa ili kupewa kadi za kupima mapema. Anayejua hawezi kusema. Anayesema mara nyingi hajui kitu kizima. Soko la tetesi hujaa pengo lililo kati yao.

Adhabu kwa aliyeteleza inaweza kuwa ya haraka. Julai 2000, ATI ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari iliyogusia kompyuta mpya za Apple siku chache kabla ya hotuba ya Steve Jobs jijini New York. Jobs aliziondoa kadi za Radeon katika hotuba hiyo. Taarifa ilikuwa sahihi, na usahihi wake ndio uliokuwa kosa.

Upo pia uvujaji wa jinai, ambao haupaswi kuwekwa kundi moja na fununu za forodhani. Februari 2022, kundi la wadukuzi lililojiita Lapsus$ liliingia katika mifumo ya NVIDIA, likaiba taarifa na kudai, pamoja na mengine, kwamba kampuni iondoe kizuizi ilichokiweka katika kadi zake dhidi ya uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Ndani ya kilichoibwa yalikuwamo majina ya vizazi vijavyo, likiwamo la Blackwell, lililotangazwa rasmi Machi 2024. Mtafiti anayeandika kwa kutegemea nyaraka za namna hiyo ana wajibu wa kueleza zilikopatikana. Kimya cha waandishi wengi juu ya jambo hilo hakiwaletei sifa.

Namba sahihi, tafsiri ya jana

Kisa cha mwaka 2020 kinastahili nafasi ya peke yake, kwa kuwa kinaonyesha jinsi habari ya kweli inavyoweza kupotosha. Miezi kabla ya Septemba mwaka huo, tetesi zilizoaminika zilisema kwamba RTX 3090 ingekuwa na viini 5,248 na RTX 3080 viini 4,352. Septemba 1, Huang alitangaza kutoka jikoni kwake kwamba 3090 ina viini 10,496 na 3080 ina 8,704, mara mbili kamili. Wavujishaji walichekwa kwa siku kadhaa.

Lakini hawakuwa wamekosea namba ya msingi. RTX 3090 ina vizio vikubwa 82 vya ukokotoaji. Katika kizazi kilichotangulia kila kizio kilihesabiwa kuwa na viini 64, na 82 mara 64 ni 5,248. Katika kizazi kipya, njia ambayo awali ilishughulikia namba kamili pekee iliongezewa uwezo wa kukokotoa namba za desimali, hivyo kila kizio kikahesabiwa kuwa na viini 128. Aliyevujisha aliona ukubwa wa chipu kwa usahihi, akaupima kwa pishi ya mwaka uliopita. Na upande wa kampuni, namba iliyotangazwa ilikuwa mara mbili ilhali kasi katika michezo haikuwa mara mbili, kwa kuwa njia hiyo ya pili bado ililazimika kugawana muda na kazi yake ya zamani. Mnunuzi aliyesikiliza tetesi alidharau kadi. Aliyesikiliza jukwaa aliikuza kupita kiasi. Vipimo huru vilivyofuata wiki mbili baadaye ndivyo vilivyotoa jibu lenye manufaa.

Majina nayo ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Kwa miezi mingi ya 2018 uvumi ulikuwa na hakika juu ya kadi ya GTX 1180. Iliyotoka, Agosti 20 jijini Cologne, iliitwa RTX 2080.

Bei huamuliwa mwisho

Ikiwa fununu hujua ukubwa wa chipu mwaka mmoja kabla, kwa nini haijui bei? Jibu ni kwamba bei bado haipo. Ukubwa wa chipu huamuliwa miaka miwili au mitatu kabla ya mauzo. Bei inaweza kubadilika usiku wa mwisho. Juni 2019, AMD ilitangaza Radeon RX 5700 XT kwa dola 449 na RX 5700 kwa dola 379. NVIDIA ikajibu kwa kadi zake za kundi la Super. Julai 5, siku mbili kabla ya mauzo, AMD ilishusha bei hadi dola 399 na 349. Kiongozi mmoja wa AMD alidai baadaye kwamba bei ya kwanza ilikuwa chambo. Dai hilo haliwezi kuthibitishwa, nalo lina harufu ya ujanja uliobuniwa baada ya tukio. Ila laonyesha kwamba hata bei iliyotamkwa jukwaani ilikuwa kauli ya vita na si ahadi kwa mteja. Januari 2020 mchezo ulirudiwa, safari hii kwa kasi badala ya bei: NVIDIA iliposhusha bei ya RTX 2060, AMD ilibadilisha programu ya ndani ya RX 5600 XT siku chache kabla ya mauzo, wakati kadi zilikwisha kufungwa katika maboksi.

Washirika wanaounda kadi wenyewe huishi katika giza hilohilo. Septemba 2022, kampuni ya Marekani ya EVGA, mshirika wa siku nyingi wa NVIDIA, ilitangaza kuacha kutengeneza kadi za michoro. Miongoni mwa malalamiko yaliyoripotiwa ni kwamba ilijua bei rasmi wakati uleule ambao umma uliisikia. Mwezi huohuo NVIDIA ilitangaza kadi mbili zilizoitwa RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 kwa dola 1,199 na nyingine ya gigabaiti 12 kwa dola 899. Jina lilikuwa moja, lakini chipu zilikuwa tofauti: viini 9,728 dhidi ya 7,680. Baada ya lawama, kampuni ilifuta ile ndogo Oktoba 14, kabla haijauzwa. Januari 2023 ilirudi kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799. Katika kisa hiki tangazo rasmi lilikuwa na uhakika mdogo kuliko fununu nyingi za forodhani.

Kuna bei ya tatu, isiyo ya kampuni wala ya wavujishaji. RTX 3080 ilitangazwa kwa dola 699, ikaanza kuuzwa Septemba 17, 2020 na kumalizika kwa dakika chache. Kwa zaidi ya mwaka uliofuata, bei hiyo ilikuwa maandishi tu kwa wanunuzi wengi, hadi uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za michoro ulipokoma Septemba 2022.

Nani hulindwa na sheria

Marekani ina sheria za habari zinazotangulia tukio, lakini zinamlinda mwekezaji. Machi 2000, Huang aliwaandikia wafanyakazi barua pepe kwamba NVIDIA imepata kandarasi ya Xbox ya Microsoft. Baadhi yao na jamaa zao walinunua hisa kabla habari haijatangazwa, na mwaka uliofuata Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa iliwashtaki. Oktoba 2000 kanuni mpya ya tume hiyo ilianza kutumika, ikizuia kampuni kuwanong'oneza wawekezaji teule habari ambazo umma hauna. Mei 2022 NVIDIA ilikubali kulipa dola milioni 5.5 kwa kutowaeleza wenye hisa vya kutosha kwamba mauzo yake yalichangiwa na wachimbaji wa sarafu. Mwenye hisa moja ana haki ya kujua. Chuo kinachonunua kadi mia moja hakina.

Kalenda ya Juni na kalenda ya Septemba

Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huanza mwaka wa fedha Julai 1, na bajeti husomwa Juni. Matangazo makubwa yaliyojadiliwa hapa yalikuja Septemba 2020, Septemba 2022 na Januari 2025, yaani baada ya vifungu kupitishwa na kabla ya fedha nyingi kutumika. Ofisa ununuzi anayeandaa makadirio Februari, kwa hiyo, hana budi kukisia kifaa ambacho kipo kama tetesi tu. Sheria za ununuzi wa umma, mathalani ya Uganda ya 2003 na ya Kenya ya 2015, pamoja na kanuni zake, hutaka mpango wa mwaka na vipimo visivyofungwa kwenye chapa moja. Kwa kadi za michoro sharti la pili ni gumu, kwa kuwa programu nyingi za utafiti zimejengwa juu ya CUDA ya NVIDIA tangu 2007. Kadi ya mshindani yenye kasi sawa inaweza isiendeshe kazi iliyokusudiwa.

Tangu 2025 imeongezeka tetesi ya aina nyingine, ile ya ruhusa. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilitoa kanuni iliyozigawa nchi katika makundi matatu kwa ajili ya chipu za hali ya juu za vituo vya data. Nchi 18 marafiki ziliwekwa kundi la kwanza, na hakuna hata moja ya Afrika iliyokuwamo. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa katika kundi la kati, lenye ukomo wa idadi. Kanuni ilitarajiwa kuanza kutekelezwa Mei 15 na ikatangazwa kufutwa siku mbili kabla. Katikati ya miezi hiyo, Machi, kampuni ya Cassava Technologies ilitangaza mpango wa kuweka prosesa za NVIDIA Afrika Kusini kwanza, kisha Kenya, Misri, Morocco na Nigeria. Aliyekuwa akipanga kukodi uwezo wa kukokotoa Nairobi alilazimika kusoma habari za Washington na za Santa Clara kwa wakati mmoja, na zote mbili zikiwa hazijatulia.

Katika mazingira hayo, zabuni inayotaja namba ya kadi ijayo imejengwa juu ya jina ambalo linaweza kufutwa kama lilivyofutwa la Oktoba 2022. Inayotaja kazi yenyewe ina nafasi bora zaidi: ukubwa wa kumbukumbu unaohitajika, wati ambazo chumba cha mashine kinaweza kuzitoa na kuzipoza, programu ambazo lazima ziendeshwe, na kipimo ambacho mzabuni atakifanya mbele ya kamati kwa kadi aliyoileta. Kifungu kinachomruhusu mzabuni kuleta kizazi kipya kwa bei ileile humlinda mnunuzi bidhaa mpya ikiwahi, na kisichomwadhibu kwa kuleta ya zamani humlinda ikichelewa. Kinachobaki ni nani atakayepima usawa wa kadi mbili hizo siku ya kupokea mzigo. Kazi hiyo inahitaji mhandisi aliye na mamlaka ya kukataa, aliyetajwa kwa cheo chake katika waraka wa zabuni kabla haujatangazwa.